Pasta na kikombe cha Olive

Kamembe, Jumapili, Novemba 2008. Mvua tangu asubuhi, na moyoni nimejaa dharau. Siombi radhi.

Leo mdogo wangu Olive ameanguka kifafa kanisani, katikati ya wimbo wa kwaya. Watu walimkimbia kama wameona nyoka. Pasta, bingwa wa kuwekea watu mikono, alipandisha suruali yake ili povu lisimguse! Nilimlaza ubavu peke yangu.

Huku wanaamini povu la kifafa linaambukiza. Ndiyo maana nyumbani Olive ana kikombe chake, cha plastiki ya bluu, na hakuna mwingine anayekinywea. Tuliporudi kutoka Bukavu wakati wa vita tuliacha hata magodoro, lakini ujinga huu wote tuliuvusha mpaka, bila ushuru.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Seli ya neva ina milango midogo ya kutolea potasiamu. Seli ikipiga umeme, umeme huohuo unaifungua milango, potasiamu inatoka, seli inatulia. Mingine hushikiliwa wazi na mafuta ya kwenye utando wa seli, na ujumbe wa kemikali kutoka seli jirani unaweza kuifunga. Milango ikikataa kufunguka, seli inaendelea kupiga tu. Kifafa kingine huanzia hapo. Cha Olive sijui kilianzia wapi, ila najua vidonge vinakituliza.

Na alikuwa ameviacha. Pasta alimwambia dawa ni kukosa imani.

Jioni bwana huyo akaja kutuombea, yaani kunywa chai yetu. Akarudia yaleyale: "Olive, mwana yangu, tupa ile dawa. Mungu hapendaka muntu wa mioyo mbili."

Olive aliinuka, akaleta vidonge vyake, akachukua kikombe cha pasta na kumezea kidonge. Kisha akakirudisha mbele ya pasta taratibu.

"Pasta, maliza chai yako. Batu ba imani habaogopaka."

Pasta alikitazama kikombe. Ghafla akakumbuka ana wagonjwa wa kuombea kule Gitambi.

Nilicheka mpaka machozi.

Mama hakucheka. Alikiosha kile kikombe cha pasta, akasita mbele ya kabati, kisha akakiweka pamoja na vingine.

Kesho asubuhi atammiminia Olive chai kwenye kipi?