Mafiga Niliyoyatupa Msituni

Mjukuu wangu Atu,

Hamjambo huko Kamsamba na joto lenu? Hapa Mpemba sote wazima. Babu yako, ambaye kwangu ni kaka mkubwa, kasema nikuandikie kama bibi, basi usinicheke. Hata bibi wa kidato cha tatu ni bibi.

Uliuliza kama niliogopa kulala msituni. Kulala sikuogopa. Kinachonisumbua ni asubuhi yake.

Klabu yetu ya shule ilipanda milima ya Ileje, kila wawili na hema lao, mbali na wenzao. Mwalimu alisema tukiondoka, pabaki kana kwamba hapajafika mtu. Mimi nikatii kuliko wote. Mahali petu tulikuta mafiga matatu na kuni kavu. Kuni tukapikia, mafiga nikayasukumia bondeni.

Wakati wa kushuka mvua ilinyesha, tukakutana na mzee mrina asali, kalowa, anatetemeka.

"Wajukuu, mmelala kwenye mafiga yangu? Kuni mmeniachia?"

Kumbe huko milimani anayetoka humwekea kuni anayekuja.

Mwalimu, aliyekuwa amekagua kambi zote, akanishika bega kwa fahari. "Mzee, huyu kasafisha kabisa!"

"Hee! Mpaka moto wangu?" Mzee akacheka, akaendelea kupanda. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mpaka leo sijui, Atu, nilitii au nilikosea. Ukija likizo, twende kule milimani. Mawe nitabeba mimi, wewe kuni. Mwalimu akiuliza, sijui tutamwambia nini.

Bibi yako,
Sekela