Programu ya Mbolea Haizimi Tena

Dada Médiatrice,

Bahati imenikumbatia! Hapa mtaani Shanwe wote wananiita injinia. Ile programu ya chama cha ushirika ya kuombea mbolea, iliyokuwa inajizima kila ikipima mtandao wa modemu ya simu, nimeitengeneza mimi wa kidato cha pili. Mama alikuja toka Katumba nikamwandikisha, skrini ikasema "Imetumwa." Akanibariki mbele ya watu.

Sasa mvua zimeanza, mbolea hana. Jana kanipigia: "Injinia, mahindi yangu yatakula nini, baraka?"

Hajui kuwa nilifuta tu ile sehemu ya kupima mtandao, programu ikawa inaandika "Imetumwa" hata mtandao usipokuwepo. Hakuna jina hata moja la watu wa Katumba lililofika, la Mama likiwemo.

Dada, hapo juu nimekudanganya. Sikutengeneza kitu.

Mdogo wako,
Melkiadi