Kwa Jilala, Aliyeniita Fisi Aliyemeza Gazeti

Mwangaluka, Jilala.

Usiitike. Lala hapo hapo nje ya uzio usikilize, maana safari hii huwezi kunizima kwa ngoma.

Nimeomba kusomea uchungaji. Cheka. Mimi, manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Wagika, mtu wa matusi ya mavuno, nimewaomba wazee wa kanisa wanipeleke chuo cha theolojia. Najua ungenitungia wimbo jioni hiyo hiyo: fisi kaomba zizi la kondoo. Nimeutunga mwenyewe kwa niaba yako, nauimba nikioga. Si mbaya, ila wewe ungeutia meno zaidi.

Misimu yote ile tulisimama uwanja mmoja pale Masumbwe, Wagika huku, Wagalu wako kule, ngoma zikipigwa kwa pamoja na umati ukichagua. Anayevutiwa anavuka. Manju anayebaki na vumbi tupu mbele yake kashindwa. Uliniita fisi aliyemeza gazeti, kwa sababu nilisoma kila karatasi iliyofungiwa chumvi dukani. Nami nikasema miguu yako korongo anaidai, umrudishie. Jioni tunakaa kwenye kibuyu kimoja cha pombe, unaniuliza, "Hilo la korongo umelitoa wapi, mshenzi wewe?" Hakuna aliyenijua kama wewe, uliyetafuta aibu zangu mwaka mzima ili uzitangaze baada ya mavuno.

Kisha ukaenda kutafuta dhahabu upande wa Geita, shimo likakuangukia.

Tulikufukua kwa mikono. Kucha zangu nyingine hazijaota hadi leo. Tulipokufikisha nyumbani, mama yako, muumini aliyebatizwa, alimpigia magoti mwinjilisti Petro akiomba sala moja tu. Petro akasimama penye lango la makaburi, mikono nyuma. "Mpiga ngoma hazikwi na watu wa Mungu." Nilimkaba. Nilimkaba mpaka macho yakamtoka, na wanaume wakanibandua kama kupe. Tukakuzika nje ya uzio wa mkonge. Watu wote wakanigeukia mimi, manju, mwenye maneno. Nikafungua kinywa. Humo hamkuwa na kitu ila matusi niliyozoea kukutupia. Siku ile umati wote ulikuwa upande wako, Jilala. Mimi nilibaki na vumbi tupu.

Ndiyo sababu. Sikuona maono, sikusikia sauti. Nilitaka yale maneno aliyokunyima Petro, niyatoe kinywani mwake kwa nguvu, kama mtu anavyong'oa jino bovu.

Wazee waliponiita kunihoji, nani ameketi kulia kwa mchungaji Mzungu? Petro, shati limefungwa vifungo hadi kooni.

"Bado unakaba watu, Baba Shija?"

"Naacha taratibu, mwinjilisti."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Waliniuliza Maandiko, nikajibu. Nikawarudishia maswali yangu, wakatazamana. Mzungu akauliza ninafanya kazi gani. Nikasema, kutunga. Kutunga nini? Fedheha, nikasema. Wakanipa Jumapili moja nihubiri, wanipime.

Nilikuwa nimeandika mahubiri ya adabu. Kisha dirishani nikauona ule mkonge. Nikaiweka karatasi chini, nikamwita Kifo kwa jina, kama nilivyokuwa nikikuita wewe. Nikamtukana miguu, nikamtukana meno, nikamtukania kwao. Nikamwambia yeye ni mwizi wa kuku anayejiona chui. Anakula mpaka mifupa na bado mbavu zinahesabika. Tena alimmeza Mmoja, ikambidi amtapike siku ya tatu mbele ya wanawake! Hapo, Jilala, watu wakasahau kwamba wako kanisani. Waliokaa upande wa wazee waliinuka, mmoja, wawili, kisha kwa vishindo, wakavuka njia ya katikati wakajazana upande wangu, vigelegele juu. Wazee wakabaki na mabenchi matupu.

Mzungu alidhani ni fujo. Petro alijua ni nini. Amekulia uwanjani kama sisi. Alikuja mbio akanipiga fimbo ya mdomo, jino likaruka. Vijana wakamvamia wamvunje. Nikamfunika kwa mwili wangu, mateke na fimbo vikanishukia mgongoni, naye chini yangu anatetemeka kama mbuzi. Usidhani ni huruma. Nilimtaka mzima, nibishane naye mpaka uzee. Maiti habishani. Hilo nimejifunza kwako.

Kesho yake Mzungu, aliyeniona nikimkinga Petro, akaniambia nimekubaliwa, kwa sharti. Ngoma yangu ichomwe mbele ya kanisa, na moto niwashe mimi.

Nimeichoma, Jilala.

Ile ile. Uliyosema inalia kama ng'ombe mwenye gesi. Nilimwaga mafuta ya taa, nikawasha, nikasimama karibu mpaka nyusi zikaungua. Ngozi ilipasuka kwa mlio mmoja mkubwa, na mama yako akageuka kana kwamba umemwita. Watu waliimba. Mimi sikuimba. Kama hilo limekuuma, nichukie, nichukie kwa ustadi wako wote. Ningekuwa wewe, ningekuwa nimeshaanza ubeti wa pili.

Lakini sikuona njia nyingine ya kuyapata yale maneno. Wanaoshika lango ndio wanaoshika kitabu. Basi nitakishika na mimi.

Lori linaondoka Jumatatu kwenda Isaka, nikapande treni. Kwaheri, korongo. Nitarudi na kola shingoni, na kazi yangu ya kwanza itakuwa kuung'oa mkonge ule kwa jembe. Petro akitaka, na alete jembe lake. Nitakusomea maneno yote bila kuruka hata moja, mama yako akisikia, Mungu akimweka. Lakini kabla sijafungua kitabu, watu wote wakinitazama, nitavuka uwanja nije kusimama upande wako.