Usiipe Boti Jina la Mwimbaji

Shemeji Bahati,

Habari za joto la Uvira? Sydney baridi inauma hadi ndani ya barakoa. Jana tumefunguliwa kutoka karantini ya korona, nikaingia makumbusho ya meli. Mzee wa pale, amesimama mbali kama nina upele, akanionyesha picha za meli za zamani zilizopewa jina la mwimbaji maarufu wa Ulaya. Moja ilipasukia kwenye matumbawe. Nyingine, ya mvuke, ililipuka abiria wakiwa mezani. Mwimbaji mwenyewe alizeekea nchi kavu, akipigiwa makofi.

Nawe boti watakayopanda dada yangu na watoto unataka kuiita jina la nyota wako wa rumba! Iite jina la mama yetu. Wewe mkwe wake ukimwona njiani unajibanza kichakani kwa heshima; hata mwamba wa ziwani utampisha.

Nawapenda wote,
Furaha, Ingleburn