Zile Alama Mwilini Mwako

Mama,

Leo mchana nilipojilaza ulikuja tena. Ulikuwa unatembea ufukweni upande wa Minago, ziwa limetulia, ukungu umeifunika milima ya Ubwari hata ng'ambo haionekani. Mikononi hukuwa na alama yoyote. Nilikuita, ukageuka, ukanicheka kama unavyomcheka mtu aliyechelewa kuamka. Nikaamka kweli, chumba kinanuka mawese, na wewe hupo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limejulikana, nami siwezi kukaa nalo peke yangu. Lakini kwanza nikwambie ya siku ya mazishi.

Waliokuosha waliuona mwili wako. Unajua mwosha anavyopaswa kufunga mdomo, alichokiona kwa maiti akizike pamoja naye. Bi Zuhura hakuweza. Tangu lini yule akaweka siri? Wewe mwenyewe ulisema anayetaka habari ifike Ujiji kabla ya mtumbwi amnong'oneze yeye. Alitoka akamwambia Mjomba Khalfani kwamba dada yake amejaa mavilio ya damu mgongoni na mapajani, na kwamba kwenye mkono vidole vya mtu vinaonekana kimoja kimoja. Mjomba akamzuia Baba kushuka kaburini, mbele ya watu wote. "Mikono iliyomuua haitamulaza," alisema. Baba akarudi nyuma, akasimama kwenye michikichi mpaka kaburi likafukiwa, hakusema neno.

Hilo ndilo lililonikata maini, Mama. Hakusema neno! Mimi nimekulia nyumba ile, sijawahi kusikia hata sauti yake ikipanda. Nilimwambia Mjomba, akanijibu kwamba binti lazima amtetee baba yake. Tangu hapo hakuna aliyemletea Baba kitambaa cha kushona. Cherehani ilikaa barazani imefunikwa, na watu wakapita upande wa pili wa njia. Mwishowe Mjomba alimwambia mwezi ukiandama asionekane tena Rumonge. Baba akaanza kufunga mizigo, taratibu, kama aliyekubali.

Unamkumbuka yule daktari Mdachi wa malale, aliyepita vijiji vya ziwani akiwapapasa watu shingo? Alipofika kwetu midomo yako ilikuwa imekwisha kupauka, fizi zimevimba, zinatoa damu hata ukila ugali laini, na homa haikuachi. Akakuta tezi shingoni, nasi tukaogopa atakupeleka kambini kwa wenye malale. Akakuchoma kidole, akaipaka damu kwenye kioo, akaondoka nacho. Kidole kiliendelea kuvuja mpaka jua likashuka. Nilikuwa nabadilisha vitambaa huku machozi yananitoka, na wewe unacheka: "Mutoto wangu, damu yangu imesahau kufunga mulango."

Siku zile ulikuwa nusu hapa, nusu kwingine. Ulisema kuna maji yanapita chini ya kitanda, maji meupe, umetia miguu ndani yake na wala si baridi. Ulinihimiza nami nitie yangu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikashusha miguu, na nakuapia kuna wakati niliyasikia yakipita. Nakukumbuka hivyo zaidi kuliko ninavyokumbuka maumivu yako.

Juzi daktari alirudi, akakuulizia. Nilipomwambia umefariki alivua kofia akasema alijua itakuwa hivyo. Nikamshika mkono, Mama, sikujali adabu, nikamweleza lawama aliyotwikwa Baba, nikamwomba aseme alichokijua mbele ya Mjomba. Akaagiza darubini yake iletwe barazani, ile ya kukuza vitu vidogo, na Mjomba akaitwa.

Akamchoma Mjomba kidole, akaitia rangi damu yake, akamwambia achungulie. Punje nyekundu zimemwagika kama mtama, na nyeupe moja moja, ambazo kwa rangi ile huonekana zambarau. Kisha akaweka kioo chako. Mjomba alifumba jicho moja akakaa hapo muda mrefu. Nami nilitazama. Zile nyekundu zilikuwa chache. Kila mahali kulijaa zile kubwa za zambarau, zimesongamana.

"Hapa hakuna mdudu wa malale," daktari alisema. "Na huyu hakupigwa." Akatueleza kwamba hizo za zambarau ndizo walinzi wa damu, lakini zako zilitoka ndani ya mifupa kabla ya kukomaa, hazijui kulinda, zinajua kuzaana tu. Zikazinyima nafasi nyekundu, ndiyo maana ulichoka. Zikazinyima zile za kuziba majeraha, ndiyo maana ulivuja ndani kwa ndani, chini ya ngozi. Chanzo hakijui. Dawa hana, hata kwao Ulaya hawana.

Ndipo Baba akasema, kwa mara ya kwanza. "Na vile vidole? Vile ni vyangu. Alianguka mulangoni, nikamudaka."

Mama, kumbe muda wote ule aliamini ni yeye. Alinyamaza kwa sababu alijua vidole ni vyake.

Daktari akamwambia, "Hata leso yake ikimbana ingeacha alama. Wewe ulimzuia asianguke, basi." Baba akaketi chini palepale akalia, kilio ambacho hakukitoa siku tuliyokuzika. Mjomba alichuchumaa kando yake, akamshika mabega.

Asubuhi ya leo walikwenda kwako wawili. Baba alipiga magoti, akausawazisha udongo wako kwa viganja vyake. Mjomba alisimama nyuma akimsubiri.

Pumzika sasa, Mama yangu, Mungu akuangazie huko uliko. Mimi ni mjamzito, na naumia kwamba hutamwona mtoto. Nakuahidi siku atakayouliza bibi yake alichukuliwa na nini, sitamtajia inzi wa malale, wala mchawi, wala mkono wa mtu. Nitamwambia damu yako ilizaa walinzi wasiokomaa, na ulipoanguka, babu yake alikudaka.

Mwanao,
Mwanaisha