Gari Lililouliza Njia ya Ziwani

Kitengela,
24 Agosti 2003

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote walio hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa Wanyama akuletee natumai ilifika, maana Wanyama ukimpa kitu hukizungusha Kisumu nzima kwanza. Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wako Shirleen ameng'oka meno ya mbele na bado anaongea kuliko sisi wote. Baridi ya mwezi huu imetukalia vibaya.

Mama, wiki mbili zilizopita nilisafiri na sikukuambia. Nilikuwa na Caro, jirani yangu anayeuza vitunguu hapa sokoni, ndani ya pikapu yake, pamoja na mgeni mmoja ambaye Caro alikutana naye Illasit, kule anakonunua vitunguu. Huyo mgeni ni mtu wa kwetu Uyoma. Alikuwa hajafika kwao miaka sita, na alikuwa anaogopa kufika. Tulikuwa tunamsindikiza tuone kama ataingia kwa lango la mama yake au atageukia njiani. Safari ilikuwa ya hayo tu.

Kisumu tulilala vizuri. Asubuhi tulipokata kona ya Ndori, ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukafunika rasi yote, huoni maji upande huu wala ule. Caro ni mtu wa Limuru na anajidai kuujua ukungu, lakini alisema huu wetu una harufu ya samaki. Tulienda polepole sana. Ukungu ulichangia, ila zaidi ni mgeni. Tulipofika soko la Aram alitaka tusimame tunywe chai. Mbele kidogo akataka mahindi ya kuchemsha. Tukakuta punda amelala barabarani, nikasema apigiwe honi, yeye akashuka akamngoja ainuke kwa hiari yake. Kufika Madiany akadai gurudumu moja halina upepo, na lilikuwa nao. Caro akachoka, akamwambia hata watu wa matanga hufika mapema kuliko sisi. Mgeni alicheka mpaka akajifuta macho.

Niliudhika, sitaficha. Ruhusa ya kazini niliipata kwa kubembeleza, na hapa mtu anangoja punda.

Baada ya Madiany hakutaka kitu tena, aliuliza tu maswali. Aliniuliza kama ni kweli mtu aliyezikwa akirudi huwaletea wenye boma kifo. Nikamwambia mimi si mzee wa ukoo. Nilichojua ni kwamba mashua ilizama, miili yote ikapatikana isipokuwa mmoja, na watu wakazika tunda la yago mahali pa mwili, kama inavyofanywa kwetu. Hawakuwa na ubaya. Akasema anajua. Yeye hakupanda ile mashua. Aliaga kila mtu kwamba anavuka kwenda Mbita, kisha akapata lori la watu wanaoenda kutafuta kibarua Loitokitok, akaruka ndani. Habari ya kaburi lake ilimfikia akipalilia vitunguu vya wenyewe, matanga yameshaisha. Tangu siku hiyo aliona nyumbani kumefungwa.

Mama, kama umesimama, keti.

Unakumbuka asubuhi ile gari jeupe lilisimama kwa lango lako, na mwanamke asiyejua Kijaluo akakuuliza njia ya ziwani? Huyo alikuwa Caro. Mimi nilikuwa mlango wa pili, nimejifunika leso, kwa sababu ungenijua. Aliyekaa katikati yetu ni Ondiek wako.

Kaburi liko karibu na ua, na ukungu haukulificha. Alipoona msalaba wenye jina lake alimshika Caro mkono, akasema hawezi kuingia hapo kama mtu ametoka posho mill kusaga mahindi, asije akakuua. Ndipo wewe ukatokea na ufagio, na Caro akasema la kwanza lililomjia mdomoni. Ulimweleza vizuri, twende moja kwa moja mpaka maji yatuzuie. Kisha ukasema tusikimbie, ziwa hilo lilishakunyang'anya mtoto. Ukatuambia, watoto wangu, mfike salama.

Alilia mpaka tukafika ziwani Lwanda Kotieno, akirudia tu kwamba umemwita mtoto wako na hukujua. Nililia pia, na unanijua, mimi si mtu wa kulia.

Sasa yuko hapa kwangu, analala kwa kochi. Illasit hataki kurudi, na kwenu hataki kujileta. Tafadhali mwambie baba mdogo Ouko awaite wazee. Wakisema ua ubomolewe apite hapo badala ya langoni, utabomolewa. Wakitaka mbuzi, Caro ameshaahidi mbuzi. Lakini Ondiek anasema hayo yote ni ya baadaye. Anachongoja ni wewe umwite tena vile ulivyomwita, safari hii ukijua ni yeye.

Msalimie baba mdogo na majirani wote. Shirleen anakusalimu. Caro anakusalimu na anasema asante kwa kutuelekeza.

Ondiek anakusalimu.

Ni mimi binti yako,
Ajwang