Nimetundikwa Ukutani Kama Baba wa Nyumba Mbili, na Sasa Watoto Wanataka Kuoana

Mpendwa Mama Medina,

Nisaidie kabla sijafa, na usidhani natia chumvi, kwa maana daktari wangu wa kifua ameshaacha kunipa vidonge, ananipa maneno matamu tu. Kuna jambo nimelificha miaka minane: yule mwanamume mwenye kofia na masharubu aliyetundikwa mjini Koboko nyumbani kwa Mariam Poni kama marehemu mume wake Lado, ndiye yule yule aliyetundikwa Arua mjini nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Afisa kama marehemu kaka yake Ramathan, na mwanamume huyo si Lado wala si Ramathan, ni mimi. Mimi ni Mkatoliki wa Logiri, mwana wa katekista, na kila mwaka nasomewa dua mara mbili.

Nitakueleza ilivyokuwa, na kwa urefu wa barua utanisamehe, nilikuwa mwalimu. Asubuhi nilifundisha kemia shule ya sekondari, mchana nilipiga picha za watu katika studio yangu hapa Arua, na Jumamosi niliwafundisha vijana kazi hiyo hiyo ya picha, kuanzia taa mpaka chumba cha giza mpaka kurekebisha uso kwa penseli na brashi. Sasa kurekebisha hakufundishwi kwa negativu ya mteja, kwa sababu mwanafunzi akiharibu pua ya mtu, mwenye pua atakuja, kwa hiyo nilivua miwani, nikakaa kwenye kigoda mwenyewe, nikapigwa picha, na negativu hiyo ikawa ubao wa darasa. Aliyetaka kujifunza kuongeza nywele aliniongezea mimi, aliyetaka kufuta makunyanzi alifuta yangu, muhula mmoja nilikuwa na ndevu, muhula mwingine kipara. Mwaka wa themanini na saba kijana mmoja aitwaye Draku, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, alinichorea masharubu na kofia, akanipunguza taya, akanirudishia miaka kama ishirini hivi, na kazi yake ilikuwa nzuri nikaitundika kwenye kamba ikauke.

Ndipo akaingia Mariam Poni. Alikuwa amerudi kutoka Sudani na watoto wake, na picha zote za mumewe alikuwa amezichoma kwa mkono wake mwenyewe mwaka wa sabini na tisa, serikali ya askari ilipoanguka, kwa sababu siku zile picha ya mtu mwenye magwanda ndani ya nyumba ilitosha kukuua. Alisimama mbele ya kamba.

"Mwalimu, hii mutu umepata wapi?"

"Mtu gani, mama?"

"Hii. Hii ni Lado. Hii ni bwana yangu."

Darasa zima liligeuka kunitazama, Draku na brashi yake mkononi, na mimi nilifungua mdomo niseme mama, huyo ni mimi na wino kidogo, lakini alikuwa ameshaweka kiganja juu ya picha ambayo hata haijakauka, akamwita binti yake Sadiya aliyekuwa mlangoni, "Kuja uone baba yako," na mtoto akaja, akatazama bila kupepesa macho. Wewe ungefanya nini? Mimi nilisema, "Alikuja hapa mwaka wa sabini na saba, mama." Akaondoka nayo imefungwa kwenye leso.

Uongo mmoja ungenitosha. Lakini habari ilifika kwamba mwalimu ana picha za zamani za askari, na mwaka uliofuata akaja Afisa, anayemlea Sulemani, mtoto wa kaka yake Ramathan, dereva wa jeshi aliyeondoka na lori wakati wa vita na hakuonekana tena, yeye wala lori. Kijana alikuwa anauliza kila siku baba yake alikuwa na sura gani, na shangazi hakuwa na la kumwonyesha.

"Kaka yako alikuwa vipi?" nikamwuliza.

"Iko na masharubu. Na kofia."

"Ulimwona mwisho lini?"

"Siku ya harusi yangu. Lakini nilikuwa nalia, sikuona muzuri."

Niliingia chumba cha giza, nikasimama humo kama mtu anayetafuta, kisha nikatoka na Draku yule yule, nasema kazi ya Draku, nimeitia weusi zaidi. Afisa akaishika mbali, akaishika karibu.

"Iko nene kidogo."

"Jeshini walikuwa wanakula vizuri," nikasema.

"Kweli. Ramathan alipenda nyama."

Mambo yakaisha hapo, na nikajiambia kwamba Koboko ni Koboko na Arua ni Arua, nani atabeba ukuta wake aulinganishe na wa mwenzake. Sikuhesabu mapenzi. Sulemani alikua, akaanza kununua karanga Koboko, na huko Koboko akamwona Sadiya, naye Sadiya akamwona, na mwezi uliopita watu wa Arua walikwenda kuposa. Mimi nilialikwa nipige picha. Kwa heshima ya uzee wangu niliwekewa kiti kizuri, na kiti hicho, Mama Medina, kilikuwa chini ya picha yenyewe. Hakuna aliyenitambua katika picha, maana meno yamekwenda, miwani ni minene kama chini ya chupa, na uzito wangu sasa ni wa kuku.

Afisa akaingia na beseni la sukari na sabuni kichwani, akasalimu, akainua macho.

"Ramathan iko fanya nini hapa?"

"Ramathan nani?" akasema Mariam. "Hii ni Lado, bwana yangu."

"Bwana yako? Hii ni ndugu yangu! Mimi iko na hii picha kwangu, na hii shati, na hii kofia!"

"Basi mambo ni wazi," akasema mzee mmoja kutoka pembeni, akifurahi kidogo. "Askari hawa, kila kambi bibi yake."

"Na kila bibi jina lake!" akadakia mwingine.

Mariam alisimama juu ya kigoda, akaigeuza picha ikatazama ukuta. "Lado! Kumbe ile betri ulikuwa unaenda nunua Arua!"

Sukari ikarudi kichwani. Wazee wa pande zote mbili walisema kwa sauti moja kwamba Sulemani na Sadiya ni kaka na dada kwa baba, na hakuna ndoa. Sadiya alikimbilia jikoni, Sulemani akakaa kizingitini na viatu vyake mkononi kama mtu aliyesahau jinsi ya kuvivaa. Kisha mtu akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye ulipiga hii picha. Sema. Huyu alikuwa Lado ao Ramathan?" Nikasema filamu yangu imekwisha, nikatoka nje na kamera.

Sasa Sadiya anatafutiwa mume mwingine, mfanyabiashara mwenye tumbo na wake wawili tayari. Nikisema kweli nitawaaibisha wanawake wawili waliofarijika na picha ile miaka yote, nitawaua marehemu wao mara ya pili, na mimi niliyefundisha nusu ya mji huu nitaitwa mwongo. Nikifa kimya, vijana wanabaki ndugu mpaka mwisho wa dunia. Rafiki yangu Abiriga anasema niache tu, kaburi litanifunika. Nifanye nini?

Mwalimu wa Picha, Arua

*

Mwalimu,

Pole kwa ugonjwa. Nimemaliza kuwa mpole, sasa nisikilize.

Unasema ukweli utawaaibisha wanawake. Mariam Poni hivi sasa anagombana na maiti kwa sababu ya betri, na maskini Lado huenda alinunua betri kweli! Lado amesingiziwa mke, Ramathan amesingiziwa mke, na wote wawili hawana mdomo wa kujitetea. Wewe unao, hata kama hauna meno. Unaogopa kuitwa mwongo? Wewe ni mwongo, Mwalimu, hilo limekwisha kuamuliwa siku ya ile picha ya pili. Ya kwanza nakuelewa. Mama ameshaweka kiganja, mtoto yuko mlangoni, ulimi umeteleza. Lakini ya pili ulisimama gizani ukijifanya unatafuta, na muda huo wote ulikuwa na nafasi ya kutoka mikono mitupu ukasema, "Samahani mama, sina."

Usimsikilize Abiriga. Kaburi litakufunika wewe, halitamfunika Sadiya atakapokuwa mke wa tatu wa tumbo la watu.

Basi fanya hivi. Usiwaandikie barua, barua itasomwa na mjinga mmoja na kuelezwa vibaya na wengine. Mtafute Draku, aje na brashi yake, nawe ubebe ile negativu. Waite watu wa Arua nyumbani kwa Mariam, na safari hii sukari nunua wewe. Kaa kwenye kile kiti, vua miwani, Draku akuchoree masharubu mbele yao, akuvike kofia, na picha igeuzwe iwatazame. Umefundisha kemia, unajua kwamba darasa haliamini mpaka lione rangi inabadilika. Usihutubie. Ninyi walimu mna ugonjwa wa utangulizi. Sema "ni mimi," uwaombe radhi wale wanawake kwa majina yao, na kijana na binti kwa majina yao, kisha nyamaza na upokee utakachopewa, hata kama ni maji ya kuoshea vyombo.

Nenda wiki hii. Mwenye tumbo hangoji, na kifua chako hakingoji.

Ukirudi niandikie kwa ufupi, uniongezee na ile sababu uliyoiruka. Umenipa sababu tatu na zote ni nyepesi. Mtu aliyekaribia kaburi haogopi kuchekwa. Kuna kitu kingine kilichokutoa nje ya ile nyumba na kamera yako, na mimi sikukisoma popote katika barua yako.

Mama Medina

*

Mama Medina,

Nimekwenda. Draku sasa ni baba wa watoto wengi na mkono wake umekuwa mzito, masharubu yalitoka yamepinda, lakini yalitosha. Mariam alinitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena, akanipiga begani kwa kofi ambalo bado nalisikia, kisha akaniletea chai. Afisa alicheka mpaka akakaa chini. "Wee mwalimu! Sisi tunakusomea dua hii miaka yote, sasa utakufa namna gani? Wewe iko kwisha kufa!" Wazee walisema sukari ibaki. Ndoa ni baada ya Idd, na nimealikwa kwa sharti kwamba kamera nisilete.

Sulemani hakucheka. Aliuliza, "Basi baba yangu alikuwa anafanana na nani?" Afisa akafuta macho, akamshika mkono akampeleka mbele ya kioo cha Mariam, akamwacha hapo.

Picha zimeshushwa, ya Koboko na ya Arua.

Uliuliza sababu. Sikuoa, na sina mtoto. Nilipoacha kufundisha, siku za soko nilikuwa nafika Koboko kupiga picha asubuhi na mapema, nakaa barazani kwa Mariam nikingoja chai, na Sadiya, akiwa na sare ya shule, alikuwa akisimama mbele ya ile picha kabla hajatoka, anasema, "Asalaam aleikum, baba." Alikuwa ndani, mimi nilikuwa nje, hakuna aliyenisikia, Mama Medina, lakini kila mara nilikuwa naitikia.